Uvira: Mvua ikikata maji ya bomba, ugonjwa na njaa hufuata

Mvua kubwa ikinyesha usiku mjini Uvira, wakaaji wa kandokando ya mto Mulongwe hawalali. Wanausikiliza mto. Bado wanakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, maji yalipoteremka kutoka milimani na mawe na matope, yakabeba nyumba na watu. Makumi ya watu walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila makao.

Lakini hasara haiishii kwenye nyumba zilizobomoka. Katika mji huu wa jimbo la Kivu Kusini, pigo la pili huja kimya kimya siku chache baadaye, ndani ya bidoni ya maji.

Bomba likikauka

Uvira inategemea kiwanda kimoja cha Regideso kwa maji yake ya bomba. Umeme ukikatika, au mto ukiharibu mitambo kama ilivyotokea 2020, bomba za mitaani hukauka. Hapo familia zinashuka ziwani ama mtoni kuteka maji, palepale watu wanapooga na kufua, na ambapo mvua huteremsha uchafu wa vyoo.

Utafiti uliochapishwa 2015 katika jarida la PLOS Medicine ulilinganisha siku ambazo maji yalikatika na idadi ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu mjini humo kati ya 2009 na 2014. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alihusishwa na kukatika kwa maji ya bomba. Katika mitaa iliyozoea kutumia bomba zaidi, sehemu hiyo ilikuwa kubwa zaidi.

Siku bila kazi, siku bila chakula

Wengi mjini Uvira wanaishi kwa kazi ya siku: kubeba mizigo bandarini Kalundu, kuendesha pikipiki, kufua nguo, kuuza ndagala. Hawana mshahara wa kuwasubiri wanapougua. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua mtu kwa saa chache tu, kwa hiyo mama hawezi kumwacha mtoto kitandani akaenda sokoni. Siku tatu za kuuguza zinatosha kumaliza mtaji wa mchuuzi, hata kama matibabu ni ya bure.

Ziwa nalo limebadilika. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda hadi maji yakaingia katika nyumba za kando na katika bandari ya Kalundu. Kwa wavuvi, tatizo lilianza mapema zaidi. Watafiti walieleza katika jarida la Nature mwaka 2003 kwamba maji ya juu yanapopata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye virutubisho. Chakula cha samaki kinapungua, na kwa makadirio yao mavuno ya samaki yanaweza kushuka kwa karibu 30%.

Si mbingu peke yake

Si haki kutupia mabadiliko ya tabianchi kila gharika. Miti inakatwa milimani kwa ajili ya makala na mashamba, na nyumba zinajengwa hadi ukingoni mwa mito kwa sababu huko ndiko maskini anakopata kiwanja. Lakini kila joto linapopanda kwa digrii 1, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban 7%, na mvua ikija inakuja na nguvu zaidi. Mji uliojengwa vibaya unalipa mara mbili.

Kwa sasa, familia zinaweza kuchemsha maji ama kuyatia klorini. Mtu akianza kuharisha maji maji, apelekwe haraka kituo cha afya, huku akinyweshwa lita 1 ya maji safi iliyochanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Ila mchuuzi wa ndagala hawezi kuilinda mitambo ya maji, wala kuipa umeme wa akiba. Hiyo ni kazi ya serikali na ya washirika wake. Kila siku bomba linapotoka maji, kuna mama anayebaki sokoni badala ya kukaa kando ya kitanda cha hospitali.