Haki ya Fumbo: Kuhakiki Chemshabongo ya Gazetini

Wapo wenzangu wanaosema kwamba chemshabongo ya gazetini ni ya watu wanaosubiri basi, na kwamba mwanafunzi wa fasihi akiijadili katika jarida la uhakiki anapoteza karatasi. Sikubaliani nao. Katika makala haya nitaeleza chemshabongo ya aina moja tu, ile ya mafumbo inayotolewa na magazeti ya Uingereza, na kwa nini naona kuihakiki ni zoezi lenye nidhamu kuliko nusu ya mambo tunayoyasema semina.

Chemshabongo ya kawaida ilianzia Marekani. Arthur Wynne alichapisha ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Hiyo huuliza maana tu: mji mkuu wa Misri, unaandika Kairo, basi. Waingereza ndio walioigeuza ikawa fumbo. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza kulitungia gazeti la The Observer mwaka 1926, na The Times, gazeti la kila siku, likaanza yake mwaka 1930.

Dokezo la namna hii lina sehemu mbili. Moja inatoa maana ya jibu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni. Nyingine ni mchezo wa herufi au wa maneno unaolijenga jibu lile lile kwa njia ya pili. Mpaka kati ya sehemu hizo haukuwekewa alama yoyote. Juu juu unasoma sentensi ya kawaida kabisa. Mwishoni mtunzi anakutajia idadi ya herufi. Kwa kuwa mifano ya Kiingereza haifasiriki, nimetunga ya kwangu.

"Ndani ya duka safi kuna mwenye gamba (4)." Ukilisoma kama hadithi utamtafuta muuzaji. Lisome kama herufi: ndani ya "duka safi", mwisho wa neno la kwanza na mwanzo wa la pili, amejificha KASA. Naye ana gamba. Mchezo umekubaliana na maana, hakuna neno lililobaki bila kazi. Lau ningeandika "kuna samaki", fumbo lingekuwa bovu, maana kasa si samaki, na mfumbuzi angekuwa na haki ya kunirushia gazeti.

Au hili: "Amani ikirudi nyuma, shusha kichwa (5)." Soma "amani" kutoka mwisho kwenda mwanzo, unapata INAMA. Kwangu hili ni zuri zaidi, kwa sababu hata asiyejua kulifumbua anabaki na sentensi yenye maana, tena yenye siasa kidogo.

Sasa kuna atakayesema, haya si ndiyo yale yale ya vitendawili vyetu? Siyo. Nyumba yangu haina mlango: jibu ni yai. Lakini mtoto akijibu "jiwe", utamkatalia kwa hoja gani? Jiwe nalo halina mlango. Utamkatalia kwa sababu jamii imekwisha kukubaliana kuwa ni yai, naye atatoa mji. Jibu la kitendawili linarithiwa. Jibu la chemshabongo ya mafumbo linathibitishwa, kwa kuwa njia mbili zinakutana mahali pamoja, na hata mgeni wa jamii anaweza kulipigania. Kila kimoja kina heshima yake, ila ni vitu viwili.

Ndiyo maana mhakiki wa chemshabongo hawezi kujificha. Jibu peke yake halimtoshi. Lazima aonyeshe dokezo linakatika wapi, kila neno linafanya kazi gani, na lipi limewekwa kwa urembo tu. Mimi hutumia penseli: mstari mmoja chini ya maana, miwili chini ya mchezo. Neno likibaki bila mstari, ama mtunzi amekosea ama mimi sijaelewa. Linganisha na semina zetu, ambako mtu husema "kila msomaji na tafsiri yake" akakaa chini akipigiwa makofi. Tafsiri yake sawa, lakini yale maneno ambayo tafsiri yake haikuyagusa yalikuwa yanafanya nini pale?

Kiswahili kinaleta tatizo lake, nalo ni tamu. Lugha yetu imejaa maneno ya maana mbili, mali ambayo Muyaka bin Haji wa Mombasa aliitumia vilivyo katika karne ya 19. "Mnyama juu ya nyumba (3)" ni PAA, mara mbili. Lakini upatanisho wa ngeli ni mchongezi. Nikiandika "huyu" nimekwambia ni mnyama. Nikiandika "hili", ni la nyumba. Mtunzi wa Kiswahili atalazimika kukwepa viambishi, au akimbilie hu- ya mazoea, isiyotaja ngeli: "Mwenye mkonga hugemwa mnazini (5)." Huyo ni TEMBO, na hilo ni tembo. Sarufi ambayo tulidhani ni ya mtihani tu imegeuka kuwa pazia.

Waingereza wenyewe wamegawanyika kuhusu haki ya mtunzi. Derrick Macnutt, mwalimu aliyetunga kwa jina la Ximenes, alitoa kitabu mwaka 1966 akidai usahihi mkali: maana iwe ya aina moja na jibu, nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi. John Graham, padri aliyelitungia The Guardian kwa jina la Araucaria, alijiachia zaidi, na wasomaji wakampenda. Pima hili: "Mali yavurugika, mwalimu asoma nasi twaandika (4)." Herufi za "mali" zikivurugwa zinatoa IMLA. Kwa Ximenes limeanguka, maana imla ni nomino, nami nimeieleza kwa sentensi nzima. Ningeweza kuandika "zoezi la kusikiliza na kuandika", likanyooka, likafa. Mimi hapo nasimama na padri.

Nasimama naye pia kwa sababu ya Januari 2013. Graham, akiwa na miaka 91, aliwajulisha wasomaji wa The Guardian kwamba ana saratani, tena ndani ya chemshabongo. Jina la ugonjwa na sehemu ya mwili ulioishika vilikuwa majibu. Ilibidi msomaji aijaze habari hiyo kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi. Alifariki Novemba mwaka huo huo.

Kwa wale wanaotaka kujaribu: "Mila ikivurugika hutandazwa barabarani (4)." Wafuasi wa Ximenes watanipinga tena. Waje semina na penseli.