Viwavi Jeshi na Mvua za Kwanza

Wengi hudhani kwamba viwavi jeshi huzuka ardhini. Sivyo. Mama yao ni nondo arukaye usiku, naye huchukuliwa na upepo mwendo wa mbali. Pepo za mvua zikutanapo, nondo hukusanywa pamoja, wakashuka mashambani. Hapo kila jike hutaga mamia ya mayai, nayo huanguliwa kwa siku chache. Kwanza viwavi ni wadogo, rangi ya majani, wala hawaonekani upesi; wakiisha kuwa weusi, mahindi yako hatarini. Mvua ya kufululiza huwaua wengi. Jua likirudi mapema, husitawi. Basi, baada ya mvua kubwa ya kwanza, kagua mahindi, mtama na malisho kila asubuhi. Ukiwaona, mwarifu jirani na bwana shamba siku ile ile.