Mcheza kwao hutunzwa: Kwa nini mkazi aeleze kazi ya mikono yake

Wakazi wengi wa Turkana hufanya kazi nzuri kila siku na kuzinyamazia. Mama amemaliza kikapu kilichomchukua wiki mbili. Kijana amefufua simu iliyokuwa imetupwa. Mzee amejenga uzio mpya wa boma kwa mikono yake. Mwanafunzi amejifunza kupiga gitaa bila mwalimu. Mara nyingi hata jirani wa nyumba ya tatu hana habari.

Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, Turkana ni mojawapo ya kaunti kubwa zaidi nchini, na kutoka Lodwar hadi Kakuma pekee ni mwendo wa takriban kilomita 120. Chema kilichofungiwa ndani ya nyumba Kakuma hakiwezi kujiuza Lodwar. Makala haya yanaeleza faida ya kutangaza mafanikio ya kawaida ya nyumbani, ya kazini na ya wakati wa mapumziko, namna ya kuyaeleza, na mambo ya kuangalia kabla ya kufanya hivyo.

Desturi ya tangu zamani

Kueleza jambo jema lililofanyika si mtindo uliokuja na simu. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba vijana kutoka upande wa Karamoja walifuata nyayo za fahali aliyepotea wakishuka na mto Tarach, hadi wakamkuta mwanamke aitwaye Nayeche. Alikuwa amegundua nchi yenye matunda ya mwituni kwa wingi. Vijana walirudi kwao na habari hiyo, na baadaye watu wakahamia huku. Kilima cha Moru Anayeche kinabeba jina lake hadi leo. Kama habari ile isingesimuliwa nyumbani, jamii isingehama.

Katika ngoma ya edonga, mwanamume humwimba maksai wake ampendaye, akisifu rangi yake na umbo la pembe zake. Wimbo huo hueleza pia bidii ya mwenye kuimba, kwa maana mnyama wa namna hiyo hulelewa kwa miaka. Wasikilizaji hawamwoni kuwa mwenye majivuno, kwa sababu kila mmoja ana zamu yake ya kuimba na ya kusikiliza.

Upande wa pili, wafugaji wengi huona si heshima kutaja hadharani idadi ya mifugo ya mtu. Desturi hizi mbili zinafundisha jambo moja: eleza kazi, usihesabu mali. Anayesema namna alivyomtibu mbuzi mgonjwa anawasaidia wenzake. Anayetaja idadi ya mbuzi wake anaalika husuda, na pengine wezi.

Faida inayoonekana

Faida ya kwanza ni kazi. Chukulia fundi wa Kanamkemer aliyejifunza uashi kwa kumsaidia mjomba wake na ambaye amejenga nyumba nyingi. Mradi unapokuja na mwajiri akaulizia ushahidi, fundi huyo hana cha kuonyesha, na nafasi inaenda kwa mtu aliyetoka mbali na karatasi mkononi. Serikali ya Kitaifa imeweka utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mwombaji hukusanya ushahidi wa kazi zake, huhojiwa, kisha huonyesha ujuzi wake kwa vitendo mbele ya mtathmini. Vilevile, Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya mafundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Picha za kazi, tarehe zake na barua fupi kutoka kwa wateja ndizo mwanzo wa ushahidi huo. Aliyezoea kuhifadhi na kueleza kazi zake tayari yuko nusu ya safari.

Faida ya pili ni soko. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kupitia mpango wa AGPO. Kikundi cha akina mama kinachoshona sare za shule kinaweza kusajili biashara yake na kuomba cheti cha mpango huo bila malipo. Lakini cheti hakitoshi ikiwa hakuna anayejua ubora wa mishono yao.

Kakuma inatoa mfano wa soko lililokua bila kuonekana. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Kwa miaka mingi watu wa nje waliitazama kama mahali pa kugawia chakula tu. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta zaidi ya biashara 2,000, na ukakadiria soko hilo kuwa la takriban shilingi bilioni 6. Maduka, vinyozi, mafundi cherehani na wauza mboga walikuwepo kabla ya utafiti huo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwahesabu na kusimulia habari zao.

Mwaka huohuo, tarehe 9 Juni, Kakuma iliandaa mkutano wa TEDx, wa kwanza kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi duniani. Miaka miwili kabla ya hapo, wanariadha watano waliowahi kuishi Kakuma walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, mjini Rio de Janeiro. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera ya timu hiyo. Safari yao ilianzia kwenye mbio za majaribio zilizofanyika papa hapa Kakuma. Waliojitokeza siku hiyo ndio walioonekana.

Faida ya tatu ni mafunzo. Mkazi mmoja akifaulu, wengine hawana haja ya kuanza sifuri.

Namna ya kueleza

Kusema tu “nimelima mboga” hakumsaidii mtu. Maelezo mazuri yanajibu maswali matano: Nini kimefanyika? Hali ilikuwaje kabla? Kazi ilifanywaje? Iligharimu nini? Ni nini kilichoshindikana njiani, na nani alisaidia?

Kwa mfano, mkulima wa bustani ya nyumbani anaweza kueleza hivi: “Mboga zangu zilikuwa zikikauka kabla ya mchana. Nikachimba vitanda vilivyo chini ya usawa wa ardhi badala ya kuinua matuta, ili maji yasitoroke. Nikafunika udongo kwa nyasi kavu na kuweka kivuli cha wavu. Sasa natumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa kitanda kimoja asubuhi, na tunavuna sukuma wiki. Mbegu za kwanza ziliharibiwa na kuku, kwa hiyo anza na uzio. Jirani yangu ndiye aliyenionyesha kuchimba.” Maelezo haya ni mafupi, lakini msikilizaji wa Kalobeyei au Loima anaweza kuyajaribu kesho.

Msusi wa vikapu naye anaweza kueleza anapochuma majani machanga ya mkoma, namna anavyoyakausha, kuyachana na kuyatia rangi, na siku anazotumia kabla ya kufunga ukingo. Mnunuzi anayeijua kazi hiyo huacha kulalamikia bei. Ndivyo ilivyo pia kwa anayechonga ekicholong, kigoda ambacho wazee hukalia na kulalia kichwa: kueleza aina ya mti na muda wa kuulainisha huongeza thamani ya kitu kilekile.

Kutaja kilichoshindikana kunastahili kusisitizwa. Msikilizaji humwamini zaidi fundi anayesema mlango wa kwanza ulipinda kuliko anayedai hajawahi kukosea. Na kuwataja waliosaidia huondoa manung’uniko nyumbani na katika chama.

Mahali pa kueleza

Baraza la chifu, mikutano ya wadi, vikundi vya akiba na mikusanyiko ya kanisani na msikitini zinafaa, hasa kwa wakazi wasio na simu za kisasa. Redio za hapa, zikiwemo Akicha ya Lodwar na Ata Nayeche ya Kakuma, huwafikia walio mbali na barabara. Tamasha la Tobong’u Lore hukutanisha Lodwar jamii za Ateker kutoka Kenya, Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na ni nafasi ya kuonyesha kazi za mikono na mapishi. Asiyejua pa kuanzia anaweza kumwona msimamizi wa wadi yake. Kaunti ina wadi 30, na kila moja ina ofisi hiyo.

Tahadhari

Kwanza, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha au kuisambaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za kila mtu, na kwa mtoto ruhusa hutolewa na mzazi au mlezi. Kwa familia zilizokimbia vita, picha moja inaweza kuwaonyesha waliowafukuza mahali zilipo.

Pili, tenga kilicho chako na kilicho cha jamii. Kikapu ni chako. Dawa ya mitishamba iliyorithiwa na ukoo mzima ni ya wengi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista ya maarifa hayo, na anayetaka kuyatumia kibiashara anapaswa kupata idhini ya wenyewe kwanza. Mgeni akiuliza kwa undani kuhusu maarifa ya aina hiyo, wazee wahusishwe kabla ya kujibiwa.

Tatu, jihadhari na anayeahidi kukutangaza au kukupatia zabuni ukimtumia pesa za usajili kwa simu. Usitume pesa kabla ya kuuliza katika ofisi husika.

Nne, usitaje fedha ulizonazo, wala siku utakayosafiri kwenda kuuza mifugo.

Pa kuanzia

Mkazi anaweza kuanza na daftari moja. Kila kazi inapokamilika, aandike tarehe, mahali, vifaa, gharama na jina la mteja, kisha apige picha moja kabla ya kazi na nyingine baada yake. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe wa shule amsaidie; mtoto huyo naye atajifunza kwamba kazi ya mzazi wake inastahili kuandikwa. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litakuwa ushahidi mbele ya mtathmini, bei mbele ya mnunuzi na somo kwa jirani.