Vifungo vya Kovalenti katika Protini za Sumu ya Nyoka na za Dawa Yake: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mazingira ya Isikizya, Tabora

1.0 Utangulizi

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, iko katika nchi ya miombo ya Unyamwezi, ambako misafara ya karne ya 19 ilipita ikitoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji. Mkulima wa tumbaku, mchungaji na mrina asali wa eneo hili huweza kukutana na koboko, swila au kifutu katika kazi zao za kila siku. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Sumu ya nyoka kwa sehemu kubwa ni protini. Dawa inayoizuia, yaani kingamwili, nayo ni protini. Hata hivyo, sumu iliyokaushwa huweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi, ilhali dawa ya maji huhitaji kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Makala hii inafafanua chanzo cha tofauti hiyo kwa kuchunguza vifungo vya kovalenti vinavyounganisha sehemu mbalimbali za protini.

2.0 Asili ya Kifungo

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa katika umbo maalumu. Umbo hilo hushikiliwa hasa na nguvu nyingi ndogondogo, vikiwemo vifungo vya haidrojeni, ambazo joto huzilegeza. Baadhi ya protini zina mshikizo wa ziada. Asidi amino mbili za aina ya sisteini zikikaribiana, atomu zao za salfa hupoteza haidrojeni na kushirikiana elektroni. Kifungo kinachopatikana huitwa hapa daraja la salfa. Urefu wake ni takribani nanomita 0.205, na nguvu yake ni takribani kilojuli 250 kwa moli, ambayo ni mara nyingi zaidi ya nguvu ya kifungo cha haidrojeni.

Kazi ya daraja hilo yafanana na ya kamba za magome ya miombo zinazofunga fito za nyumba. Kamba hazibebi paa, bali huzuia fito zisiachane. Vivyo hivyo, daraja la salfa hupunguza namna ambazo mnyororo ungeweza kutawanyika pale nguvu ndogo zinapolegea.

Idadi ya madaraja peke yake haitoshi, kwani kila sisteini hupaswa kuungana na mwenzake sahihi. Sisteini nane zaweza kuungana wawiliwawili kwa namna 105. Christian Anfinsen alionesha kuwa kimeng'enya cha ribonukliazi, chenye sisteini nane, kikifunguliwa chote hurejea chenyewe katika mpangilio mmoja ulio sahihi. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1972.

3.0 Sumu na Dawa Zikilinganishwa

Sumu za koboko na swila zina kundi la protini ndogo zenye umbo la vidole vitatu. Nyingi zina asidi amino 60 hivi na madaraja manne, yaani daraja moja kwa kila asidi amino 15. Baadhi huziba vipokezi vya asetilikolini katika misuli na kusababisha kupooza, na nyingine huharibu seli za nyama. Katika hali ya asidi hafifu, nyingi kati yake hustahimili hata kuchemshwa kwa muda mfupi.

Kingamwili ya binadamu ya aina ya IgG1, kwa kulinganisha, ina asidi amino zipatazo 1,330 na madaraja 16. Uwiano huo ni daraja moja kwa takribani asidi amino 83. Kingamwili za farasi, ambazo hutumika sana kutengenezea dawa, zina muundo wa jumla kama huo. Joto likizidi, madaraja huzuia minyororo isiachane, lakini sehemu kubwa zilizo kati ya daraja na daraja hufunguka, kisha molekuli hugandamana na kupoteza uwezo wa kuitambua sumu.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Sumu ya kifutu ina vimeng'enya vikubwa pia, ambavyo havina ustahimilivu uleule wa joto.

4.0 Maana Yake kwa Tiba

Kutokana na maelezo hayo, tiba yoyote ya sumu hizi ndogo yaweza kupimwa kwa swali moja: je, inaivunja sumu au inaishika? Kuivunja ni vigumu. Joto ambalo ngozi ya mtu huweza kulivumilia haliondoi daraja la salfa. Kemikali zinazoweza kulikata, zikiwa katika kiwango cha kutosha mwilini, zingekata pia madaraja ya protini za mgonjwa mwenyewe, ikiwemo insulini yenye madaraja matatu. Njia inayobaki ni kuishika sumu isifike inapodhuru, na hiyo ndiyo kazi ya kingamwili.

Swali hilo hilo lafaa kuulizwa kwa heshima kuhusu dawa za Wayeye, chama mashuhuri kwa ufundi wa nyoka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi. Mimea yao yaweza kuchunguzwa maabara ili kubaini kama ina viambato vinavyoshika protini za sumu. Kabla ya ushahidi huo kupatikana, mgonjwa hapaswi kucheleweshwa kufikishwa hospitalini.

5.0 Hitimisho

Tofauti ya ustahimilivu kati ya sumu na dawa yake inatokana kwa kiasi kikubwa na wingi wa madaraja ya salfa ukilinganishwa na ukubwa wa protini. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Kwa dawa ya maji, hata hivyo, kufika mapema hakutoshi, kwa kuwa kukaa kwa muda mrefu katika joto kali njiani au ghalani huweza kuipunguzia nguvu. Hivyo basi, kwa vituo vya vijijini, dawa iliyokaushwa kwa kugandishwa, ambayo haitegemei jokofu kwa kiwango kilekile, yastahili kupewa kipaumbele.