Kauri Nyeusi na Oksijeni ya Mwisho

Mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller wa maabara ya IBM karibu na Zürich waliona kauri ya oksidi za lanthanamu, bariamu na shaba ikipoteza ukinzani wake wa umeme ilipopozwa mno. Mwaka uliofuata walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo, wenzao wa Marekani waliweka yitriamu mahali pa lanthanamu, na kauri yao ikapitisha umeme bila ukinzani kwenye nyuzi -180 hivi za Selsiasi. Nitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi -196, yatosha kuipoza.

Viambato vyake ni oksidi ya yitriamu, kaboneti ya bariamu na oksidi ya shaba. Kuvipima ni kazi nyepesi. Ugumu umo katika kusaga na kuchoma. Unga mkavu hauchanganyiki kama vimiminika: atomu husogea polepole kupitia pale tu punje zinapogusana. Ndiyo maana unga husagwa laini, huchomwa kwa saa nyingi kwenye nyuzi 900 na kitu, kisha husagwa na kuchomwa tena. Ukisagwa vibaya, ndani ya kidonge cheusi hubaki mabaka ya kijani, oksidi nyingine ya metali hizohizo isiyo na sifa tunayoitafuta. Joto likipita nyuzi 1000 na ushei, kauri yenyewe huvunjika ikawa hiyo ya kijani pamoja na kimiminika.

Lakini hatua inayoamua yote ni ya kupoza, na wengi huipuuza. Tanuru likiwa na joto kali, fuwele hupoteza oksijeni: badala ya karibu atomu 7 kwa kila 3 za shaba, hukaribia 6. Ikitolewa ghafla, hubaki hivyo, na haiwi kipitishaji kamilifu hata ukiitumbukiza kwenye nitrojeni. Ikipozwa taratibu ndani ya mkondo wa oksijeni, na kushikiliwa kwenye nyuzi 400 hadi 500, atomu za oksijeni hurudi na kujipanga minyororo. Minyororo hiyo huvuta elektroni kutoka tabaka za shaba na oksijeni, na nafasi zinazoachwa ndizo hubeba mkondo.

Kwa hiyo sampuli iliyoharibika kwa kupozwa haraka isitupwe. Ichomwe upya katika oksijeni. Ila kipande kizito kilichoshikamana sana hupokea gesi hiyo polepole mno, na kiini chaweza kubaki na njaa ya oksijeni huku ganda likiwa kamili.