Sekunde Imepotelea Kona Gani?

Uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome ulifunguliwa mwaka 2004, na mzunguko wake mkubwa una urefu wa kilomita 5.39. Mwenye pikipiki anayekwenda kujifua pale hutaka kujua ametumia muda gani kuumaliza. Swali lenye faida zaidi ni jingine: muda ameupoteza wapi?

Majibu yote mawili hutoka angani. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zikiwa na saa za atomiki. Kifaa cha kupima mizunguko, kinachofungwa kwenye pikipiki, hupokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, kikapima yamechukua muda gani kufika, kisha kikakokotoa mahali kilipo. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, hivyo kosa la mikrosekunde moja ni kosa la mita 300. Nadharia za Albert Einstein zilionyesha kwamba muda hauendi sawa kila mahali, na kweli saa za setilaiti hutangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku. Bila marekebisho, hata mpeleka chakula wa mtaa wa Deira, Dubai, asingeufikia mlango wa mteja.

Ukienda dukani kununua kifaa hicho, uliza kwanza hupima mahali kilipo mara ngapi kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, pikipiki hukata mita 50 kila sekunde. Simu nyingi hupima mara moja tu kwa sekunde. Kifaa cha mara 10 huacha pengo la mita 5, cha mara 25 mita 2.

Pili, uliza kama kina jairoskopu. Pikipiki ikipita kona yenye nusu kipenyo cha mita 80 kwa kilomita 100 kwa saa, hulala kwa nyuzi 45 hivi. Hapo uzito na msukumo wa kona huungana kuelekea chini ya pikipiki yenyewe, na kipima mchapuko kilichofungwa juu yake hakihisi kuvutwa upande, utadhani pikipiki imesimama wima. Jairoskopu hupima jinsi pikipiki inavyogeuka, na hapo ndipo pembe ya kulala hupatikana.

Tatu, fikiria joto. Kiangazi Dubai hupita nyuzi 40, na simu iliyopigwa na jua kwenye usukani huweza kujizima.

Ukirudi nyumbani, weka grafu za mwendo za mizunguko miwili, moja juu ya nyingine. Mistari itakwenda pamoja, kisha mmoja utashuka mapema kabla ya kona: hapo ndipo uliposhika breki kabla ya wakati. Anayeanza anatoshwa na kifaa cha mara 10. Fedha inayobaki aiweke kwenye matairi na mwalimu. Na kioo cha kifaa kisomwe pikipiki ikiwa imezimwa. Kuinamisha macho sekunde moja kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa ni kwenda mita 50 bila kuona.