Kuvuta Si Kazi, Kazi ni Kusimama

Gari la ng'ombe lililojaa matofali na tela lililobeba boti, yote mawili yakipita Tunguu kuelekea kusini, kwa macho ya fizikia ni chombo kimoja. Kila moja lina ekseli moja, magurudumu mawili, na mkono unaotangulia mbele ukaegemea kwa anayevuta: huku shingo ya maksai, kule tufe la chuma nyuma ya pikapu. Kinachotenganisha ni mwendo. Maksai huenda kilomita tatu au nne kwa saa, na upakiaji mbaya humuumiza yeye peke yake. Pikapu inakwenda 80, na upakiaji ule ule unaweza kuitoa barabarani pamoja na waliomo.

Barabara yenyewe ni ile itokayo mjini kupitia Mwanakwerekwe na Jumbi, ikapita vyuo vikuu viwili vya Tunguu, SUZA na Chuo Kikuu cha Zanzibar, kisha ikaingia msitu wa Jozani kabla ya kugawanyika kwenda Paje, Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi. Jenereta, tangi la maji au boti inayotoka matengenezoni, chochote kinachokwenda hoteli za kusini kwa njia ya nchi kavu, hapa ndipo kinapopita. Na kwa kuwa pikapu nyingi za Unguja huja zimeshatumika, wenye kuzinunua huuliza swali moja tu: inavuta kilo ngapi?

Si swali baya, ila ndilo jepesi kuliko yote. Juu ya lami nzuri, kusukuma tani moja iliyo juu ya matairi ya mpira kunahitaji kani ndogo ya kushangaza, sawa na uzito wa kilo 10 hadi 15. Maksai wa kilo 300 anaweza kuvuta kwa muda mrefu kani iliyo karibu na sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 30, kwa hiyo tani moja ya mawe kwenye lami anaimudu na pumzi anabakiwa nayo. Mwingize kwenye mchanga mkavu wa pwani, hesabu inageuka. Tani ile ile sasa inadai kani ya kilo 100, wakati mwingine 300, kwa sababu kila gurudumu linachimba shimo lake na kutaka kulipanda papo hapo. Hapo hata pikapu yenye magurudumu manne yanayovuta huanza kuguna.

Sultani Barghash alilijua hilo kabla ya kuwapo lami. Mwaka 1879 alijenga reli ya maili saba kutoka kasri lake mjini hadi Chukwani, na mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu, wale wazao wa punda na farasi. Kichwa cha treni kiliagizwa Uingereza mwaka 1881. Nyumbu waliweza kwa sababu chuma juu ya chuma hakibonyei: tani moja kwenye reli inataka kani ya kilo moja au mbili tu. Isitoshe, Unguja haina milima ya kumtisha mvutaji. Kilima cha Masingini, ambacho ndicho kirefu chetu, hakifiki mita 150.

Kwa hiyo injini ya pikapu ya kisasa ina nguvu ya kutosha na kubaki. Baadhi ya Toyota Hilux za miaka ya karibuni zimeruhusiwa na mtengenezaji kuvuta hadi kilo 3,500, na tangazo la biashara hupenda kuishia hapo. Sentensi inayofuata katika kitabu cha gari haiandikwi kwa herufi kubwa: kilo hizo ni kwa tela lenye breki zake. Lisipokuwa na breki, kikomo hushuka hadi kilo 750. Gari lile lile, injini ile ile, lakini ruhusa imepungua zaidi ya mara nne. Kama nguvu ya kuvuta ndiyo ingekuwa shida, breki za tela zisingeongeza hata kilo moja.

Tufanye hesabu. Pikapu ya tani mbili ikienda kilomita 80 kwa saa ina nishati mwendo ya takriban kilojuli 494, na breki zake lazima ziigeuze yote kuwa joto ndipo isimame. Iunganishe na tela la tani moja na nusu lisilo na breki, kwa mwendo ule ule, nishati inapanda hadi kilojuli 864 huku breki ni zile zile. Ukitaka kuzirudishia breki mzigo ziliouzoea, itakubidi ushuke hadi kilomita 60 kwa saa, ambapo msafara mzima una kilojuli 486. Kupunguza 20 tu kumefuta uzito wa tela lote, kwa kuwa nishati hufuata mraba wa mwendo. Dereva anayesema gari lake halisikii kama lina tela nyuma anasema kweli. Litasikia kwenye breki.

Ndiyo maana matela mengi mazito yana breki za kujisukuma, na huu ni ubunifu ninaoupenda kwa sababu hauhitaji waya wala umeme. Kichwa cha mkono wa tela hakikukazwa moja kwa moja. Kinateleza ndani ya bomba kwa sentimita chache. Pikapu ikipunguza mwendo, tela bado linataka kwenda, linasukuma mbele, kichwa kinaingia bombani, na huko ndani kinakandamiza fimbo inayovuta breki za magurudumu ya tela. Kadiri linavyosukuma ndivyo linavyojizuia. Udhaifu wake unaonekana wakati wa kurudi nyuma: sasa pikapu ndiyo inayosukuma, na breki zinadhani zimeitwa. Matela mazuri yana kilegezo cha kazi hiyo. Kwenye yale ya kizamani lazima mtu ateremke akaweke pini kwa mkono, na siku atakayosahau kuitoa, tela halina breki njia nzima.

Sasa turudi kwenye shingo ya maksai. Mwenye gari la ng'ombe akimaliza kupakia, huinua miti miwili ya mbele kidogo kabla ya kumfunga mnyama. Ikiwa mizito mno, mzigo umekaa mbele, na nira itamkandamiza mbele ya nundu mpaka achubuke. Ikiwa inataka kupaa yenyewe, mzigo umekaa nyuma, na nira itamnyonga kwa kumvutia juu. Anachotafuta ni uzito kidogo wa kushuka, si zaidi. Wahandisi wa matela wanatafuta kitu hicho hicho na wamekipa namba: uzito unaoshuka kwenye tufe uwe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Tela la tani moja, basi, liikalie pikapu kwa kilo 100 hadi 150.

Kuupima hakuhitaji karakana. Tela likiwa mahali tambarare na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, mkono wake unaegemezwa juu ya mizani ya kawaida ya kupimia watu, kwa urefu ule ule litakaofungwa kwenye gari. Mizani ikiwa ndogo, unatandika ubao, ncha moja juu ya mizani na nyingine juu ya tofali, kisha mkono wa tela unaukalisha kwenye theluthi ya kwanza kutoka upande wa tofali. Mizani itasoma theluthi moja ya uzito halisi. Zidisha kwa tatu.

Uzito ukiwa mwingi, pikapu inakaa matako chini na pua juu. Chukua kilo 150 juu ya tufe lililo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3.1. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 150 bali kama 208, kwa sababu ya nyenzo, na zile 58 za ziada zimenyang'anywa magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Tena uzito huo ni wa kubebwa na pikapu yenyewe, si wa kuvutwa. Mtu anayefunga tela la kilo 3,500 ameshaipandisha pikapu yake kilo 350. Ikiwa inaruhusiwa kubeba tani moja na ndani wamo watu watano wa kilo 75, karai la nyuma limebakiwa na kilo 275. Huo ni uzito wa mifuko mitano ya saruji na mtoto mmoja wa skuli, na nimeona pikapu zikibeba zaidi ya hapo bila tela.

Uzito ukiwa mdogo mno, au ukiwa unavuta juu, hatari ni nyingine na ni mbaya zaidi: kuyumba. Tela linaanza kupepea kulia na kushoto, kila pigo kubwa kuliko lililotangulia, mpaka linaiburuta pikapu. Chanzo kinaweza kuwa kitu kidogo, upepo wa basi linalopita au dereva kukwepa shimo. Kwa mwendo wa pole tela hutulia lenyewe. Likiyumba, matairi yake yanakwenda kwa pembe ndogo kando ya uelekeo wa safari, na pembe hiyo inazaa kani inayozima mtikisiko. Lakini pembe hiyo hupatikana kwa kugawanya mwendo wa kwenda kando kwa mwendo wa kwenda mbele. Ongeza mwendo wa mbele, pembe inapungua, na kizima mtikisiko kinadhoofika. Kila msafara una mwendo wake ambapo kizima hicho hufika sufuri. Chini yake mtikisiko unakufa, juu yake unakua. Wanaosema tela lao lilikuwa limetulia kabisa hadi ghafla likachachamaa wanaeleza mpaka huo bila kuujua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walilichunguza jambo hili kwa tela la majaribio ambalo kila kitu chake kiliweza kurekebishwa, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Yaliyoonekana kuathiri moja kwa moja utulivu wa mwendo kasi ni uzito wa mbele, mahali ilipo ekseli, na namna mzigo ulivyosambaa. Hilo la tatu wapakiaji hulisahau. Kilo 200 mbele kabisa na kilo 200 nyuma kabisa zinapatana vizuri kwenye mizani, lakini mzigo wa namna hiyo ukishaanza kuzunguka ni mgumu kuuzuia. Mizito ikae juu ya ekseli na kuitangulia kidogo, myepesi ndiyo iende pembeni.

Boti yenye injini ya kuning'inia inaleta fumbo lake hapa, maana kitu chake kizito kuliko vyote kiko nyuma kabisa. Dawa ni kuisogeza boti nzima mbele juu ya tela, au kuisogeza ekseli, wala si kurundika nanga na madumu ya mafuta puani ili mizani iridhike. Tangi la maji nalo linadanganya. Likijaa pomoni ni mzigo tulivu wa tani moja kwa kila lita 1,000. Likiwa nusu, maji yanakimbilia mbele ukifunga breki na kurudi nyuma ukikanyaga mafuta, na uzito uliopima asubuhi haupo tena. Ama lijazwe, ama liende tupu.

Na likishaanza kuyumba? Mguu utoke kwenye mafuta, usukani ushikwe umenyooka, gari liachwe lipunguze lenyewe. Kulifukuzia tela kwa usukani kunalichochea, kwa kuwa mkono wa binadamu huchelewa na sahihisho lake hufika wakati tela limeshageukia upande wa pili. Kuongeza mwendo ili kulinyoosha, ushauri ambao utausikia vijiweni, ni kulisogeza upande ule ule wa mpaka ambako mtikisiko unakua.

Kuna jambo la gereji nisiloweza kulipita. Pikapu nyingi huja bila pa kufungia tela, na njia ya haraka ni kuchomelea chuma nyuma ya chesisi. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando ya mshono, na hapo ndipo ufa wa uchovu hupenda kuanzia, maana tela halivuti tu: linasukuma, linainua na kushusha maelfu ya mara katika safari moja. Matuta ya Jozani, yaliyowekwa ili kuwanusuru kima punju wanaovuka barabara, ni mtihani halisi wa mshono huo. Gurudumu la mbele linapanda, la nyuma linapanda na tufe linarushwa juu, kisha tela linapanda na kuling'oa chini. Kifungio cha bolti kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hilo ni bora, na minyororo miwili ya akiba ipishane chini ya mkono wa tela, ili kichwa kikichomoka kidakwe kisichimbe lami.

Kizimkazi ndiko tela linakoteseka zaidi. Wanaoshusha boti husubiri maji, na kwenye bamvua bahari hupwa na kujaa kwa mita tatu na zaidi, hivyo saa moja inaweza kukuhamisha kutoka mchanga mgumu wenye unyevu hadi mkavu unaomeza matairi. Kupunguza upepo wa matairi husaidia, kwani tairi pana halichimbi sana. Ila adui halisi haonekani. Beringi za tela zimetoka mjini zikiwa za moto. Zikizamishwa baharini mara moja, hewa iliyo ndani inapoa na kusinyaa, na kupitia sili inavuta maji ya chumvi. Wanaojua huliacha tela kivulini mpaka ukishika kitovu cha gurudumu kisikuunguze, ndipo wanarudi nyuma majini, na baadaye hulisuuza kwa maji baridi. Kitovu kikifunguliwa na grisi ikaonekana imegeuka nyeupe, chumvi imeshaingia, na beringi hiyo hubadilishwa kule kule Kizimkazi kabla ya kuanza safari ya kurudi.